Entropia ya maji: T ipi iwekwe kwenye Q/T?

SWALI: Nasoma fizikia mwaka wa pili. Tumepewa kilo 1 ya maji yenye 20°C, yakagusishwa na tangi kubwa linalobaki 100°C hadi nayo yakafika 100°C bila kugeuka mvuke. Tunatakiwa kupata jumla ya mabadiliko ya entropia (kipimo cha jinsi nishati ilivyosambaa). Nilitumia Q/T (joto gawanya kwa jotoridi la kelvini), nikaweka 373.15 K, yaani 100°C, pande zote mbili, jibu likatoka sifuri. Nimekosea wapi?

JIBU: Upande wa tangi uko sawa. Jotoridi lake halibadiliki, kwa hiyo Q/T inatosha. Q ni 4,186 (juli za kupasha kilo 1 ya maji kwa digrii moja) × 80, yaani juli 334,880, na tangi linazipoteza: −334,880/373.15 = −897 J/K.

Maji ndiyo yaliyokuponza. Jotoridi lake linapanda kadiri yanavyopokea joto, hivyo hakuna T moja ya kugawia. Lakini entropia hutegemea hali ya mwanzo na ya mwisho tu, si njia iliyopitwa. Basi chagua njia ya polepole, joto liingie kidogo kidogo, kila punje igawanywe kwa T ya wakati huo, kisha ujumlishe. Unapata mc ln(T₂/T₁), ambapo m ni kilo 1, c ni ile 4,186, ln ni logi asilia, na T₁ na T₂ ni jotoridi la mwanzo na la mwisho = 4,186 × ln(373.15/293.15) = 1,010 J/K.

Jumla: 1,010 − 897 = +113 J/K.

Hapa wengi huweka selsiasi ndani ya logi: ln(100/20) inatoa 6,737 J/K, jibu lisilo na maana yoyote. Geuza kuwa kelvini kabla ya kugusa kikokotoo.

Ukitaka kuielewa hasa, rudia hesabu kwa matangi mawili: maji yaguse kwanza la 60°C hadi yalifikie, kisha la 100°C. Maji yanabaki na 1,010 ileile, ila matangi sasa yanapoteza 503 na 449. Jumla inashuka hadi 59 J/K. Ongeza matangi ya kati, itaendelea kukaribia sifuri. Entropia mpya inazaliwa na ile tofauti ya jotoridi kati ya vitu vinavyogusana.

Mkifika kwenye fizikia ya takwimu, inayohesabu mipangilio ya chembe, gawanya 113 kwa konstanti ya Boltzmann, 1.38 × 10⁻²³ J/K. Inatoka kama 8 × 10²⁴, na idadi ya mipangilio ya chembe imezidishwa kwa e (takriban 2.718) iliyopandishwa kwenye kipeo hicho. Ndiyo maana hutayaona maji hayo yakirudisha joto kwenye tangi yenyewe.

Jumla ikitoka hasi, umekosea mahali: kagua kwanza alama ya Q ya kila upande.