Mwiko mzuri kuliko seti ya sufuria mbovu

Kitchen party ni Jumamosi, mkononi una elfu 20 ya zawadi, na dukani kuna boksi kubwa la sufuria zinazong'aa ambalo ukikazana kupatana utaondoka nalo kwa hela hiyohiyo. Boksi linavutia kwa sababu litaonekana ukumbini. Kabla hujalipa, toa sufuria moja, ishike mdomo kwa mikono miwili na ubonyeze kwa vidole gumba. Ikikunjika, iache. Sufuria nyepesi hivyo ikikaa motoni mara chache kitako kinavimba, inaanza kucheza juu ya jiko la gesi, moto unashika sehemu moja, na wali unaungua katikati wakati pembeni bado una kiini. Mwaka hauishi, bibi harusi anazitumia kufunikia ndoo za maji.

Pesa kidogo huharibikia hapo, kwenye kitu kikubwa cha daraja la chini. Ipeleke kwenye kitu kidogo, kisha chukua kilicho bora kabisa katika aina yake. Kwa jiko la Pwani, kwa mfano, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui na upawa ni zawadi inayojitosheleza, na karibu hakuna mtu mwingine ukumbini atakayeileta. Mbuzi ikague ukiwa umeikalia: isiyumbe, na ulimi wa chuma uwe umekazwa usicheze ukiusukuma kwa kidole. Meno yawe yamechongwa, yasiwe yamekatwa tu kwenye bati. Mwiko uwe wa mti mgumu, usio na rangi wala vanishi, maana vanishi hubanduka na kuingia kwenye ugali. Nyumbani upake mafuta ya nazi, uache usiku kucha, ufute asubuhi. Utameza mafuta, utakolea rangi, na hautapasuka upesi.

Swali la pili la kujiuliza dukani: huyu akishapokea, atalazimika kutoa pesa gani ili kitu hiki kifanye kazi? Redio bila betri, tochi bila betri, simu bila laini, zote ni zawadi nusu. Kitenge cha yadi 2 ndicho kinachoongoza kwa usumbufu. Mwanamke mtu mzima hapati gauni refu kwenye yadi 2, kwa hiyo atatafuta yadi nyingine zenye maua yaleyale na huenda asizipate. Akizipata, bado kuna fundi, na ufundi mara nyingi unazidi bei ya kitambaa. Kama mfuko hauruhusu yadi za kutosha pamoja na pesa ya fundi, acha kitenge, nenda kwenye khanga.

Khanga haitaki fundi wa gauni, haina saizi, na haijawahi kuwa nyingi mno kabatini. Ila ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni kitambaa. Nyingi siku hizi ni mchanganyiko wa polista, zinang'aa na rangi zake ni kali, lakini hazinyonyi jasho wala maji, na mtoto hafutiki nazo. Dondoshea tone la maji: pamba hulinywa, polista huliacha likitembea. Halafu inyanyue kwenye mwanga. Ukiona nafasi kati ya nyuzi kama chandarua, ugumu unaousikia mkononi ni wanga tu, utaondoka na fua ya kwanza na khanga itabaki shashi. Geuza upande wa nyuma uone kama rangi imepenya.

Mtego wa pili ni uchapaji. Kunjua doti yote, usikubali kuiona imekunjwa. Pindo la pande nne liwe limenyooka na vipande viwili vifanane. Jina likae katikati na herufi zake zote ziwepo. Khanga ambayo jina lake limekatwa nusu huuzwa bei rahisi, na ndiyo maana muuzaji haikunjui.

Mtego wa tatu, ambao umevunja urafiki wa watu, ni jina lenyewe. Soma. Soma tena kwa sauti ukijifanya wewe ndiye unayepewa. "Nani kama mama" haina kona, mpe mama yako au mama mkwe. "Japo sipati tamaa sikati" humfaa anayepambana na biashara, lakini ukimpelekea mwanamke anayetafuta mtoto kwa muda mrefu, umemchoma. "Hasidi hana sababu" ukimpa jirani atakaa wiki nzima akijiuliza hasidi ni nani. Maneno ya mapenzi usimpe mke wa mtu kama wewe ni mwanamume asiye ndugu yake, hata kama ulipenda maua tu. Ukiwa na shaka, chukua jina la dua au la pongezi. Na kama umeagizwa na mtu asiyesoma vizuri, msomee kabla hajalipa.

Khanga huuzwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeungana. Ukiikabidhi hivyo hakuna atakayekulaumu, lakini ukiipitisha kwa fundi wa barazani aikate na kupiga pindo, kazi ya dakika chache na pesa ndogo, mpokeaji anaweza kujifunga siku hiyohiyo. Mwambie fundi afuate mstari mweupe kati ya vipande, kwani akikata kwa jicho pindo la kipande kimoja litaliwa. Kama ni ya kumbebea mtoto mchanga, ifue mara mbili kwanza, kwa maji baridi na peke yake. Wengine hutia chumvi wakiamini inashika rangi. Kinachookoa nguo nyingine hasa ni kuifua peke yake.

Hapo tumefika kwa mzazi. Anayekwenda kumwona mzazi karibu kila mara hubeba nguo za mtoto wa siku moja, na mtoto huyo katika wiki sita ameshazipita, nyingine hazijavaliwa hata mara moja. Chukua za miezi 6 hadi 12. Zile za mwanzo zimeshajaa kwenye beseni. Mama mwenyewe husahauliwa: sabuni ya kufulia, mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato makali, chupa ya chai ya kuwekea uji usiku. Chupa ya chai ya bei ndogo ijaribu dukani. Itikise karibu na sikio, ukisikia vipande vinacheza imekufa. Angalia kizibo kinakaa bila kulazimishwa. Duka likikupa maji ya moto, jaza na usubiri dakika 10: ubavu wa nje ukipata joto, haitunzi moto, hata iwe na maua mazuri namna gani.

Unga wa uji ni zawadi nzuri kwa mzazi, na watu huuharibu kwa kuuongezea vitu. Mchanganyiko wa nafaka saba wenye karanga na soya unasikika wa maana, lakini karanga zikishasagwa mafuta yake huchacha upesi na unga unakuwa mchungu. Karanga zilizohifadhiwa vibaya pia huweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo huioni wala kuionja. Fanya rahisi: ulezi kilo 2 na mchele kilo 1. Ulezi upepete, uoshe kwa kuumimina pamoja na maji kwenye chombo cha pili ili mchanga ubaki chini, rudia mpaka maji yatoke safi, kisha uanike juani siku mbili hadi ukauke kabisa. Ukisagwa ukiwa na unyevu hujikusanya mabonge na kuota ukungu ndani ya wiki chache. Mashineni omba wasage baada ya mtu mwingine wa ulezi, usiwe wa kwanza baada ya mahindi makavu au muhogo. Karanga kama anazipenda, mpelekee pembeni zikiwa nzima.

Vya kutengeneza nyumbani ndipo pesa kidogo inapoenda mbali zaidi, mradi utengeneze kitu kinachokaa. Keki ya nyumbani ina siku zake chache. Ubuyu na viungo vya chai vinakaa.

Kwa ubuyu: nusu kilo ya mbegu zenye unga wake, robo kilo ya sukari, nusu kikombe cha maji, iliki kijiko kimoja cha chai, pilipili ya unga robo kijiko, chumvi kidogo, rangi nyekundu ya chakula. Chemsha sukari na maji pamoja na rangi na viungo mpaka shira ivute uzi kati ya vidole (chovya kijiko, subiri kipoe, ndipo uguse). Zima moto, mimina ubuyu, geuza haraka mpaka kila mbegu ivae. Kinachoharibu ni maji. Shira ikiwa nyepesi, unga wa ubuyu unayeyuka na kuwa uji, mbegu zinabaki uchi. Tandaza kwenye sinia mpaka upoe kabisa. Ukifunga ungali na joto, mvuke utauloanisha na siku ya tatu utakuwa donge moja.

Viungo vya chai: tangawizi kavu ya unga vijiko 4 vya chakula, iliki 2, mdalasini 2, pilipili manga 1, karafuu nusu kijiko cha chai. Usiongeze karafuu hata kama unatoka Unguja na unazo za bure, hutia ganzi mdomoni na kuua iliki. Saga vilivyo kavu kabisa, chekecha, weka kwenye chupa ya glasi. Chupa za jamu zinafaa, lakini kifuniko kilichokaa na achari hakiachi harufu kwa sabuni pekee. Kiloweke usiku kucha kwenye maji yenye magadi soda. Andika tarehe na kipimo: nusu kijiko cha chai kwa lita moja ya chai. Bila kipimo, wengi hujaza kijiko, chai inawasha, na chupa inasahaulika kabatini.

Kwa wazazi walioko kijijini hakuna haja ya ubunifu. Sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, mafuta ya kula, na kitu kimoja cha mwilini kama shuka au kikoi, basi. Ukituma pesa kwa simu badala yake, tuma na ya kutolea. Elfu 10 isiyo na ya kutolea inamfikia ikiwa na tundu, na mzee hatakuambia.

Mkichangishana, kubalianeni kitu na bei kabla ya kukusanya, si baada, na mwenye kushika pesa asiwe yule anayekwenda kununua.

Kwenye kufunga, karatasi ya kaki na kamba ya katani zinatosha. Gazeti liepuke kwa nguo nyeupe na chakula, wino wake hushika. Bei ibandue, risiti itunze wewe, kama kuna saizi ya kubadilisha. Weka karatasi ndogo yenye sentensi moja ambayo ingemhusu yeye tu: "Asante kwa kunikalia hospitali usiku ule" inazidi kadi iliyochapwa ya bei ghali.

Na kama mfuko umekauka kabisa, toa siku yako moja. Wiki ya kwanza ya mzazi, kama wiki ya kwanza ya msiba, nyumba imejaa watu. Wiki ya tatu hakuna mtu. Usimwambie "ukihitaji chochote sema", maana hatasema. Mwambie "Jumatano saa 3 asubuhi nakuja kufua, toa nguo nje", na uje na sabuni yako.