Jibu: Time Out of Mind inasikika nzito, nianzie wapi?

Niaje bro. Umesema hii albamu ya Bob Dylan, yule mwimbaji wa Marekani, ya 1997 kila mtu anaisifu lakini wewe umekwama, sauti imezama na vyombo vinagongana. Masikio yako hayana shida, prodyusa Daniel Lanois ndiye aliyetaka ule mwangwi na giza.

Kwanza angalia simu yako, kama umeongeza besi itoe, hii albamu haitaki besi ya matatu. Halafu tafuta ile miksi mpya iliyotoka 2023 kwenye Fragments, mkusanyiko wa rekodi za albamu hii, pale sauti ya mzee Dylan imeletwa mbele na unasikia koo likikwaruza, mi tangu niipate ndiyo naweka usiku nikitoka job.

Usianze na wimbo wa kwanza, anza na Not Dark Yet. Kumbuka huyu mtu alikuwa na miaka 56 na tangu 1990 hakuwa ametoa albamu ya nyimbo mpya alizoandika mwenyewe, sasa anarudi akiongea uchovu na kifo bila kulialia, na ndiyo albamu hii ikashinda Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Wimbo wa Highlands uache mwisho, ni zaidi ya dakika 16. Kuna mahali ameketi hoteli Boston na weita anamwambia amchore, anamchora kwa kitambaa cha karatasi na yule mama anaikataa picha. Fuata maneno hapo, usingoje korasi, haiji.