Maji ya kufulia yaliua mchicha wangu, leo yanalea migomba

Juzi dada mmoja wa Mpwapwa ameniandikia: "Dada, mchicha naumwagilia maji ya kufulia kama unavyotuhimiza, mbona majani yanaungua?" Moyo uliniuma, maana na mimi yalinikuta.

Nilipohamia Dodoma maji yalikuwa ya mgawo, na huku mvua ikishakata Aprili unaisubiri mpaka Desemba. Kila Jumamosi nikimaliza kufua nilibeba ndoo na povu lake hadi kwenye tuta la mchicha na nyanya. Baada ya wiki chache udongo ulifanya ukoko mweupe. Nikiubonyeza kwa kidole unavunjika kama ukoko wa ugali, na maji yanatuama juu, hayazami. Kumbe sabuni ya unga ina chumvi nyingi, na sodiamu yake huziba udongo wa mfinyanzi.

Nikaita fundi. Akala hela yangu, akanijengea tangi la kukusanya maji ya wiki nzima. Siku ya pili tu yakaanza kunuka yai viza. Jirani akanisema gengeni mbele za watu. Miaka imepita, bado naisikia sauti yake.

Niliyoyajua baadaye niliyajua kwa kuharibu. Maji haya hayalali: yatumike siku hiyohiyo. Povu la kwanza la sabuni ya unga, maji yenye jiki na maji ya nepi yanaenda chooni. Bustanini yanakwenda ya kusuuzia na ya kuogea. Yapitishe kwenye pipa: kitambaa juu cha kunasa nywele, kisha mchanga mnene uliooshwa, chini kokoto. Ya vyombo yaache kwanza yatulie kwenye ndoo, uengue mafuta yanayoelea, la sivyo mchanga utaziba.

Ila kuchuja hakuui vijidudu vyote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maji haya mwaka 2006, na nawasihi mlichukulie jambo hili kwa uzito: msimwagie mboga za majani, msirushe juu ya matunda. Yaelekezeni kwenye shina la mgomba au mpapai, ndani ya kishimo kifupi kinacholizunguka, kilichojaa matandazo ya majani makavu, yazame yasionekane. Nyumba ngapi zinamwaga maji barabarani kila jioni, halafu zinanunua dumu la kumwagilia? Tubadilike jamani!

Mkungu wangu wa kwanza niliukata mwenyewe kwa panga, na chane mbili nikampelekea jirani yule yule.

Wewe dada wa Mpwapwa, tuta hilo lipumzishe. Mvua ikianza iache ilioshe chumvi, changanya samadi, ndipo uoteshe tena. Ya kufulia ya leo chagua ya kusuuzia, uyapeleke kwenye mpapai kabla jua halijazama.