Weruweru, Ashira au Machame?

Mwanangu,

Marahaba. Ile Division One ya kidato cha nne ya mjukuu wangu nimeshaitangaza mpaka kwa muuza maziwa. Sasa unaniuliza: TAMISEMI, wizara inayowapangia wanafunzi shule za kidato cha tano, wamefungua dirisha la kubadili kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, mtoto anataka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na katika shule za serikali za wasichana huku kwetu Kilimanjaro muweke ipi mbele, Weruweru, Ashira au Machame?

Umenitumia idadi ya Division One za kila shule. Hiyo ni hesabu ya shule nzima, wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na wa PCB kapu moja. Shule inaweza kung'ara kwa Historia na Kiswahili huku Fizikia inachechemea. Fungua matokeo ya kidato cha sita ya NECTA, Baraza la Mitihani, ingia kwenye shule, ushuke mstari kwa mstari ukiwachukua wenye Fizikia, Kemia na Baiolojia tu. Anza na S na F za Fizikia, alama mbili za chini kabisa. A utazihesabu baadaye. Fanya hivyo kwa miaka mitatu, maana mwaka mmoja unaweza kuwa bahati ya darasa lile.

Halafu uliza walimu. Mdogo wako alipangiwa shule yenye jina kubwa, siitaji, akamaliza muhula mzima bila mwalimu wa Fizikia. Sisi tulikuwa tunajisifu kwa majirani. Alipokuja likizo nikafungua daftari lake: kurasa nne, tarehe ya mwisho ya mwezi wa nane, na wakati huo ilikuwa Desemba. Tangu siku hiyo siangalii jengo wala geti, naomba daftari.

Ada isikusumbue, kidato cha tano na sita ilifutwa tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Weka akiba ya nauli, godoro na yale ya kwenye fomu ya kujiunga, hayo hayajafutwa.

Sasa mahali penyewe. Unajua mimi ni wa Ashira, na ukiniamsha usiku nitakuambia Ashira. Lakini Ashira iko Marangu, mlimani, na Machame vilevile. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka dirishani, nguo zinakaa kambani siku tatu na bado ni mbichi. Mtoto wako ana pumu. Weruweru iko chini, tambarare, joto lipo na hospitali za Moshi mjini haziko mbali. Wazee watakuambia habari za enzi za Mama Kamm, jinsi alivyoijenga shule ile. Ni kweli, ila mwalimu mkuu wa zamani hamfundishi mtoto wa leo.

Kwa hiyo Fizikia zikilingana, andika Weruweru kwanza. Ikiwa Weruweru imeachwa mbali, nirudie, tuzungumze habari ya sweta na dawa. Na mwambie binti mapema kwamba kuchagua ni kuomba tu. Anaweza kujikuta amepangiwa Songea, asije akalia wiki nzima.

Binti wa jirani yuko kidato cha tano Weruweru na anafunga shule Ijumaa. Nimeshamwambia mama yake nataka kuona daftari la Fizikia. Nipigie Jumapili baada ya ibada.

Mama yako