Bunduki ya kukoki kwa mkono au ya nusu otomatiki: ipi inafaa kwa kulenga shabaha?

SWALI: Nimekuwa nikijifunza mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya kuazima, na sasa najiandaa kuomba kibali cha kumiliki yangu. Nasita kati ya ile ya kukoki kwa mkono, ambayo mfyatuaji huipakia mwenyewe kabla ya kila risasi, na ya nusu otomatiki, ambayo hujipakia yenyewe baada ya kila mlio. Ninapenda kufyatua kwa utulivu, risasi moja moja, kwenye shabaha za karatasi zilizo umbali wa mita 100 hadi 300. Baadhi ya wenzangu wanasema bunduki ya nusu otomatiki haiwezi kuwa sahihi kama ile ya kukoki kwa mkono. Wengine wanasema tofauti hiyo ilikwisha zamani. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwa matumizi uliyoyaeleza, chagua bunduki ya kukoki kwa mkono. Hata hivyo, sababu wanazozitoa wenzako wa kundi la kwanza si zile ambazo mimi ningezitegemea, na ni vyema uzielewe kabla hujatoa fedha.

Usahihi wa bunduki hupimwa kwa mtawanyiko wa matundu kwenye shabaha, na kipimo kinachotumika sana ni dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ambayo kwa umbali wa mita 100 ni takriban milimita 29, na kwa mita 300 ni takriban milimita 87. Bunduki nzuri ya nusu otomatiki, yenye mtutu wa ubora wa mashindano na risasi zinazopatana nao, inaweza kabisa kubaki ndani ya kipimo hicho. Kwa hiyo anayesema kwamba haiwezi kuwa sahihi amekosea. Mtutu, risasi na mfyatuaji vina uzito mkubwa zaidi katika matokeo kuliko namna bunduki inavyojipakia.

Tofauti iko katika urahisi wa kuufikia usahihi huo na kuudumisha. Katika bunduki ya kukoki kwa mkono, boliti, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, hufunga chemba, mahali risasi inapokaa, kwa meno yake na kutulia mpaka mfyatuaji mwenyewe aifungue, na hakuna kinachotendeka wakati wa mlipuko zaidi ya pini kugonga na kichwa cha risasi kusafiri ndani ya mtutu. Katika bunduki nyingi za nusu otomatiki zinazotumia gesi, mtutu hutobolewa tundu dogo, na gesi huanza kuingia katika mfumo wa kujipakia kabla kichwa cha risasi hakijatoka mdomoni mwa mtutu. Boliti yenyewe hufunguka baada ya risasi kutoka, lakini vifaa vilivyofungwa kwenye mtutu kwa ajili ya gesi hiyo vinaweza kubadilisha jinsi mtutu unavyotetemeka, na fundi hulazimika kufanya kazi ya ziada ili mtetemo huo uwe uleule kila mara. Kazi hiyo hulipiwa. Ndiyo maana kwa bajeti ileile, bunduki ya kukoki kwa mkono kwa kawaida hukupa mtutu bora zaidi.

Kuna pia suala la kifyatulio, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Katika bunduki nyingi za nusu otomatiki, nyundo huzunguka umbali fulani kabla ya kugonga pini, na muda huo mfupi, pamoja na chuma kinachokwenda nyuma na kurudi mbele baada ya mlipuko, humdai mfyatuaji ashike bunduki kwa namna ileile bila kulegea hata baada ya risasi kuondoka. Mwanafunzi anayelegeza bega mapema huadhibiwa zaidi na bunduki hiyo. Kwa upande mwingine, msukumo wake wa nyuma huhisiwa kuwa laini zaidi, jambo ambalo ni faida ya kweli kwa mtu anayefyatua kwa saa nyingi.

Ikiwa unakusudia kujitengenezea risasi, fahamu kwamba bunduki ya nusu otomatiki huisukuma risasi kutoka kwenye magazini (kisanduku cha risasi) kwa nguvu, hivyo kichwa lazima kishikwe vizuri na shingo ya ganda linalobeba baruti, na ganda lote lirudishwe kwenye umbo lake ili liingie chemba bila kukwama. Bunduki ya kukoki kwa mkono hukupa uhuru mkubwa zaidi wa kujaribu urefu wa risasi, hasa ukiipakia moja moja.

Ningekushauri vinginevyo kama ungekuwa unapenda mashindano yenye hatua za kufyatua haraka, ambamo kukoki kila mara huvuruga mkao na kula muda. Wenzako wa kundi la pili pengine wanafikiria hayo, na huko wana haki. Lakini kila mchezo una kanuni zake: katika biathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, ambapo shabaha huwa mita 50, bunduki za kujipakia haziruhusiwi, na katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50 kila risasi hupakiwa kwa mkono. Soma kanuni za mchezo unaokusudia kushiriki, na sheria ya nchi yako kuhusu kila aina, kwa kuwa mahali pengi bunduki ya nusu otomatiki huwekewa masharti makali zaidi au hukatazwa kabisa.

Unapokwenda kukagua bunduki, hakikisha kwanza kwamba haina risasi ndani ya chemba wala kwenye magazini. Kisha pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na ubao wa mbele unaoushikilia kwa chini; kipite bila kukwama mpaka karibu na chemba, kwani mtutu unaoguswa na ubao hubadilisha mahali risasi zinapogonga kadiri mtutu unavyopata joto. Kifyatulio kiachie kwa wepesi, bila mikwaruzo, na kwa uzito uleule kila unapokivuta. Ukiruhusiwa kujaribu uwanjani, usiridhike na kundi la risasi 3, kwa kuwa kundi dogo kiasi hicho linaweza kupendeza kwa bahati tu. Fyatua risasi 10 kwenye shabaha moja, ukiupa mtutu muda wa kupoa, na utumie aina ya risasi utakayoendelea kuinunua.