Fundi wa Ukumbini: rimoti imezama, TV inangoja amri

Barua za safari hii nyingi zinazunguka jambo moja: kuiendesha TV ya intaneti kwa amri zinazotumwa kwenye waifai ya nyumbani badala ya rimoti. Tumezijibu tano.

Assalaam alaykum. Kaka yangu aliniletea stiki ya Roku (kifaa cha kuchomeka kwenye TV ili ioneshe video za intaneti) kutoka Uingereza. Rimoti imetumbukia kwenye ndoo ya maji na haifanyi kazi tena. Naweza kuiendesha kwa simu au kompyuta?
Msomaji, Chake Chake

Wa alaykum salaam. Unaweza, tena kwa wepesi. Kila Roku hupokea amri kwa HTTP (njia ile ile ya kurasa za wavuti) kupitia poti 8060 (mlango wake wa mtandao), kwa hiyo programu ndogo ya `curl` inatosha. Kwenye simu ya Android weka Termux (programu ya kuandikia amri), kisha andika:

pkg install curl nmap

Kazi ya kwanza ni kuijua anwani ya IP ya stiki. Mwenye rimoti angeisoma kwenye "Settings", "Network", "About". Wewe itafute kwa nje, kwa nmap, programu inayopekua mtandao. Tazama simu yako imepewa anwani gani na ruta. Ikiwa inaanza na 192.168.1, andika:

nmap -p 8060 --open 192.168.1.0/24

Kifaa kitakachotajwa kuwa poti 8060 iko wazi ndicho chako. Tuseme ni 192.168.1.40. Kisalimie kwanza:

curl http://192.168.1.40:8060/query/device-info

Ukirudishiwa maandishi marefu yenye modeli na toleo la programu, mmeshaonana. Sasa bonyeza kitufe cha nyumbani:

curl -d '' http://192.168.1.40:8060/keypress/Home

Usiiache ile `-d ''`. Bila hiyo, curl huomba kusoma, wakati kitufe kinataka kutumiwa amri, na utakaa ukiitazama TV isiyotikisika. Vitufe vingine ni Up, Down, Left, Right, Select, Back, Play, Rev na Fwd. Herufi kubwa na ndogo ziandike hivyo hivyo. VolumeUp na PowerOff vimekusudiwa TV ambazo zenyewe ni Roku. Kwenye stiki usivitegemee.

Kuandika neno kwenye sanduku la kutafuta, tuma herufi moja moja: `keypress/Lit_b`, kisha `keypress/Lit_i`, na kuendelea. Nafasi ni `Lit_%20`.

Kufungua programu usihesabu "kulia mara tatu, chini mara mbili". Siku orodha ikijipanga upya, skripti itafungua kitu kingine kabisa. Soma namba za programu zako kwa `query/apps`, kisha fungua kwa namba. YouTube ni 837:

curl -d '' http://192.168.1.40:8060/launch/837

Ikikubidi kutuma vitufe mfululizo, weka `sleep 1` katikati, na `sleep 3` baada ya Home. Skrini huchelewa kujichora, na kitufe kinachofika kabla haijawa tayari hupotea kimya kimya.

Kuna vikwazo viwili. Cha kwanza ni jibu la 403, yaani amri imekataliwa. Matoleo mapya ya Roku huja na udhibiti wa mtandao ukiwa "Limited", ambapo maswali machache hujibiwa lakini vitufe hukataliwa. Hubadilishwa kwenye "Settings", "System", "Advanced system settings", "Control by mobile apps", "Network access", uweke "Enabled". Kwa kuwa huna rimoti, fika hapo kwa programu ya simu ya Roku yenyewe, ambayo haizuiwi na hali hiyo.

Cha pili ni stiki iliyozoea waifai ya nyumba nyingine. Haimo kwenye mtandao wako, na nmap haitaiona hata ukiirudia mara mia. Chukua simu ya pili, washa hotspoti, ipe jina na nywila zile zile za waifai ya zamani, kila herufi kama ilivyokuwa. Stiki itajiunga ikidhani imerudi kwao. Unganisha simu yenye Termux hapo hapo, ongoza vitufe mpaka kwenye mpangilio wa mtandao, uihamishie kwenye waifai mpya.

Roku haiulizi nywila kwa amri hizi. Yeyote aliyemo kwenye waifai yako anaweza kuibadilishia TV yako programu, na watoto wa jirani wakishalijua hilo hamtamaliza mechi.

Nina boksi la Android TV na Raspberry Pi (kompyuta ndogo). Nataka picha isimame yenyewe inapoadhiniwa Magharibi. Nimeandika kwenye cron (kipanga kazi kwa saa) lakini inafanya kazi saa za ajabu, mara nyingine usiku wa manane.
Msomaji, Mwanakwerekwe

Tuanze na boksi, saa tutazifikia. Fungua "Settings", "Device Preferences", "About", nenda kwenye "Build", ubonyeze OK mara saba. Menyu ya "Developer options" itatokea. Humo washa "USB debugging", na kama kuna "Network debugging", nayo pia. Kwenye Pi weka adb, programu ya kulitumia boksi amri:

sudo apt install adb
adb connect 192.168.1.50:5555

TV itauliza kama unaikubali kompyuta hii. Weka alama ya kuikubali daima kabla ya kubonyeza OK. Ukiona neno `unauthorized` kwenye `adb devices`, swali hilo bado linangoja jibu kwenye skrini. Maboksi ya Android 11 na kuendelea mengine yana "Wireless debugging" badala yake: huoanishwa kwanza kwa `adb pair`, na poti yake si 5555 bali ile inayoandikwa kwenye skrini.

Hapa ndipo wengi huanguka: ruhusa hiyo hupewa ufunguo uliomo kwenye folda `.android` ya mtumiaji aliyetuma amri. Ukijaribu kwa jina la `pi` kisha ukaiweka cron ya `root`, kwa TV huyo ni mgeni mwingine. Andika `crontab -e` bila `sudo`.

Sasa saa. Kompyuta haijui saa zetu. Saa tatu usiku kwake ni 21. Ukiiandikia 3 itaamka saa tisa usiku. Saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza sita. Saa moja mpaka saa tano usiku ongeza kumi na nane. Saa sita usiku ni 0, na kuanzia saa saba usiku toa sita. Kisha hakikisha Pi imewekwa majira yetu:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Pi iliyobaki kwenye majira ya UTC (saa ya kimataifa) huwa nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiiambia 21, itatenda saa sita usiku. Kwa dalili ulizotueleza, makosa yote mawili yanawezekana, hata kwa pamoja.

Magharibi haiwezi kuandikwa kwa mstari mmoja wa cron. Jua la Unguja huchwa karibu saa 12:15 jioni mwezi wa Novemba, na karibu saa 12:47 katikati ya Februari. Chukua ratiba ya msikiti wako, uiandike kwenye faili `magharibi.txt`, mstari mmoja kwa siku, kwa muundo huu:

2026-02-14 18:48

Halafu skripti, `adhana.sh`:

#!/bin/bash
TV=192.168.1.50:5555
if grep -qx "$(date '+%F %H:%M')" /home/pi/magharibi.txt; then
  adb connect $TV
  adb -s $TV shell input keyevent 127
fi

Ipe ruhusa kwa `chmod +x adhana.sh`, na kwenye crontab:

* * * * * /home/pi/adhana.sh

Cron itaiamsha kila dakika. Isipokuwa dakika ya adhana, hulala tena papo hapo. Tarehe tumeiacha ndani ya skripti kwa makusudi. Alama ya % kwenye mstari wa crontab wenyewe ina maana nyingine, na amri hukatwa hapo isipokuwa ukiitangulizia mkwaju wa nyuma (\).

Kwa nini 127 na si 85? Namba 85 ni kitufe cha kugeuza: picha ikienda huisimamisha, ikiwa imesimama huiendesha. Siku utakayokuwa umeshaisimamisha mwenyewe, skripti itaiwasha katikati ya adhana. 127 ni kusimamisha tu, hata ikitumwa mara kumi. Kadhalika 164 ya kunyamazisha sauti, nayo hugeuza. Kuendesha tena ni 126, lakini hatukushauri kuiweka baada ya dakika kumi. TV ianze kupiga kelele watu wako kwenye rakaa ya tatu? Yule aliyeiacha ataiwasha mwenyewe.

Matangazo ya moja kwa moja mengi hayasimami kwa 127. Hapo punguza sauti: tuma 25 mara kumi na tano kwa kitanzi. Ikiwa sauti ya boksi hupita kwenye spika za TV na haipungui, tafuta HDMI-CEC (boksi na TV kupeana amri kwa kebo ya HDMI) kwenye mipangilio ya pande zote mbili uiwashe.

Skripti yangu ilifanya kazi wiki mbili bila tatizo. Umeme ukakatika, uliporudi ikawa haifanyi kitu. Sikubadilisha hata herufi.
Mwalimu wa skuli, Wete

Wewe hukubadilisha, ruta imebadilisha. Umeme ukirudi vifaa vyote huomba anwani kwa pamoja, na ile 192.168.1.50 huenda sasa ni ya simu ya mwanao. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uifungie anwani hiyo MAC ya boksi, yaani namba ya utambulisho ya kifaa. MAC iko kwenye "About", "Status", au kwenye kibandiko chini ya boksi. Kama boksi limeungwa kwa kebo, chukua MAC ya Ethernet. Ya waifai ni nyingine, na kuichukua hiyo ndilo kosa linalorudiwa mno.

Tazama pia saa ya Pi. Nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwaka huendelea na saa ya mwisho zilizoikumbuka mpaka zipate intaneti. Ruta ya laini ya simu ikichukua dakika tano kushika mtandao, kazi za cron za muda huo huendeshwa kwa saa isiyo sahihi au hurukwa.

Tuna nyumba ya wageni yenye TV sita za Android. Tunataka zote zizimwe saa nne asubuhi vyumba vikifunguliwa. Simu yangu imo kwenye waifai ile ile lakini haizioni.
Msomaji, Jambiani

Waifai za wageni huwekwa makusudi ili vifaa visionane; kwenye ruta huitwa "AP isolation" au "client isolation". Usiizime. Ukiizima, kila mgeni ataziona TV za vyumba vyote, na simu za wenzake pia. Tengeneza waifai ya pili isiyo na kizuizi hicho, yenye nywila isiyoandikwa ukutani, uweke humo TV sita na kompyuta yenye skripti. Hasara yake ni kwamba mgeni hataweza kurusha video kutoka simu yake kwenda TV ya chumba. Ikiwa wageni wako wanalitaka hilo, utahitaji ruta yenye VLAN (inayogawa mtandao mmoja kuwa kadhaa) na fundi anayeijua.

Amri yenyewe ni fupi:

for n in 51 52 53 54 55 56; do
  adb connect 192.168.2.$n:5555
  adb -s 192.168.2.$n:5555 shell input keyevent 223
done

223 ni kulaza. 26 ni kitufe cha kugeuza, kwa hiyo ingeziwasha zile zilizokwisha kuzimwa. Saa nne asubuhi kwenye cron ni 10. TV iliyochomolewa kwenye plagi itaichelewesha skripti, hivyo andika `timeout 10` mbele ya `adb connect`.

Na poti 5555 isifunguliwe kamwe kuelekea intaneti. Mwezi Februari 2018 kirusi kilichopewa jina ADB.Miner kilienea kwenye simu na maboksi ya TV kwa kupitia mlango huo huo, kikivitumia kuchimba sarafu za mtandaoni. Boksi lililoathirika huwa zito na hupata moto.

Niko Maskati. Mama yangu yuko Pemba, na kila siku hunipigia simu nimtolee TV mahali ilipokwama. Naweza kumfungulia kutoka huku?
Msomaji wa ughaibuni

Kufungua poti kwenye ruta yake tumekwisha kukataa hapo juu, na kama ruta ni ya laini ya simu mara nyingi hata isingefaa, kwa sababu wateja wengi huchangia anwani moja ya nje. Weka Tailscale (programu inayounganisha vifaa vyako kwa faragha kupitia intaneti) kwenye boksi lake na kwenye kompyuta yako, kwa akaunti moja. Boksi litapata anwani inayoanza na 100, na `adb connect` itaifikia kama uko ukumbini kwake.

Ruhusa ya mara ya kwanza lazima ibonyezwe kwenye TV yenyewe, kwa hiyo fanya matayarisho yote siku utakayokuwa nyumbani, ama mwelekeze mjukuu aliyepo. Baada ya hapo, mama akipiga simu, tuma 3 kumrudisha mwanzo:

adb shell input keyevent 3

Ikiwa YouTube ndiyo iliyoganda, ifunge kabisa:

adb shell am force-stop com.google.android.youtube.tv

Umeme ukikatika, baadhi ya maboksi hayaiwashi Tailscale mpaka mtu aifungue. Kwenye programu hiyo washa kujiunga yenyewe, kisha mwombe aliyeko nyumbani achomoe boksi na kulichomeka tena mbele yako, uone kama linarudi, kabla hujapanda boti.