Usifungue Gari Lote: Niliyojifunza kwa Peugeot 504 Uani Kwangu Jinja

Gari langu la kwanza la kale, pikapu ya Datsun 1200, nililiua mwenyewe. Lilifika nyumbani Walukuba likitembea kwa injini yake. Kwa hamu niliyokuwa nayo, wikendi tatu hazikuisha nikawa nimeshavua milango, boneti, madigadi, viti, injini na giaboksi, na bolti zote nimezimwaga kwenye beseni moja la plastiki. Mvua za Machi zikaanza. Kazini wakanihamishia Soroti kwa miezi minane. Niliporudi, beseni lilikuwa limejaa maji mekundu, na nusu ya zile bolti sikuweza kukumbuka zilitoka wapi. Mwisho akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, akalinunua kwa kilo. Nilisimama mlangoni nikitazama vijana wake wakipakia ile bodi, na mpaka leo linaniuma.

Gari la pili lipo, na linatembea. Ni Peugeot 504 Familiale, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Waliokua hapa miaka ya sabini na themanini wanazikumbuka kama Pijo za abiria, zilizokuwa zikitupeleka safari za mbali kabla matatu hazijatawala barabara. Nikiwa mtoto nilikalishwa safu ya nyuma kabisa, magoti yakigusa kidevu, tukipita msitu wa Mabira kwenda Kampala. Aina hii ya gari ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na ikashinda Safari Rally mara mbili, 1975 na 1978. Kule Ufaransa walifunga uzalishaji wa saloon mwaka 1983, lakini majirani zetu Kenya waliendelea kuunganisha pikapu zake miaka mingi baadaye. Ndiyo maana vipuri bado vinapatikana, na ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nichague 504 badala ya gari zuri zaidi ambalo hakuna anayeuza hata gasketi yake.

Ushauri wangu mkubwa kwa anayetaka kuanza ni huu: fungua mfumo mmoja, utengeneze, uufunge, uliendeshe gari, ndipo ufungue mwingine. Gari likae gari muda wote. Likigeuka kuwa lundo la vipande, kila mvua, kila ada ya shule na kila msiba kijijini vitakuwa vinashindana nalo, na lundo halijitetei. Gari linalowaka linajitetea, kwa sababu ukilisikia asubuhi unapata moyo wa kuendelea jioni.

Kabla ya spana, kuna kununua. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kuundwa kwake, kwa hiyo magari yetu ya kale ni yale yaliyomo humu humu: nyuma ya gereji, chini ya miembe, kwenye maboma ya wazee waliotangulia mbele ya haki. Hapo ndipo penye mtego. Langu lilikuwa la marehemu. Kijana aliyenionyesha alikuwa tayari kupokea pesa siku ile ile, lakini nilikataa mpaka nikutane na mjane na watoto wote, nione barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nililala chini na tochi nikalinganisha namba ya chesisi na ile ya logbook, yaani kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Namba zikitofautiana, hata kwa herufi moja, ondoka. Unaweza kutengeneza injini, lakini huwezi kutengeneza umiliki.

Halafu kagua kutu. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini ili isikwaruze, uipitishe kwenye bodi. Inaposhika, chini kuna bati. Inapoteleza na kuanguka, chini kuna puti, ule udongo wa kuzibia kutu. Kwenye 504 angalia hasa kingo za chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, na ile minara ya mbele inayoshika shokabzoba. Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, hayo yasikutie hofu, yanabadilishwa. Mnara uliooza ni jambo jingine, kwa sababu ndio uliobeba gurudumu.

Nilianza na breki, nami namshauri kila mtu aanzie hapo. Injini ikikataa utabaki nyumbani. Breki zikikataa, wengine nao wataumia. Mpira wa breki wa zamani hudanganya sana: kwa nje unaonekana mzima, kwa ndani umevimba na njia imebaki kama tundu la sindano. Mafuta yanakwenda ukikanyaga lakini hayarudi, basi gurudumu linabaki limeshikwa na linapata moto. Mimi nilibadilisha mipira yote, nikamwaga mafuta ya zamani yaliyokuwa meusi, kwa maana mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka na maji hayo hula silinda kutoka ndani. Na tafadhali, usipulize vumbi la breki za kale kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi na viatu vya breki vya enzi hizo vilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa.

Injini ndiyo iliyonifundisha zaidi, na kwa gharama. Gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilikuwa imeungua, kazi ya kawaida. Nikatoa hedi, mpwa wangu akisaidia. Ni kijana mwenye hamu, akataka kuona pistoni zikipanda na kushuka, akashika spana akazungusha krankshafti, ule mhimili wa chini unaosukuma pistoni. Sikumkataza, mimi mwenyewe nilifurahi kuziona. Tukasafisha, tukaweka gasketi mpya, tukafunga. Gari likawaka vizuri. Siku ya tatu nikavuta kijiti cha oili, kikatoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

Nilimwita fundi mmoja mzee aliyewahi kuhudumia Pijo za abiria. Hakugusa gari. Aliniuliza swali moja tu.

"Hedi ilipokuwa nje, kuna mtu alizungusha injini?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mmenyanyua slivu, mwanangu. Ile haikuwa gasketi tena."

Akanieleza, nami nakueleza. Injini ya 504 ya petroli ina slivu za maji: silinda hazikuchongwa ndani ya bloku, ni mikebe minne ya chuma iliyosimamishwa ndani yake, na maji ya rejeta yanazizunguka moja kwa moja. Chini kila slivu imekalia sili, juu imekandamizwa na hedi. Ukitoa hedi hakuna kinachoishika tena. Ukizungusha krankshafti, pistoni inapanda na slivu yake, hata kama ni kwa unene wa ukucha, na ile sili ya miaka mingi inaachia. Huoni kitu. Unafunga, na maji yanaanza kuingia kwenye oili polepole. Tulifungua tena mpaka chini, tukatoa slivu zote nne, tukakwangua ukoko wa kutu uliokuwa umezizunguka, tukaweka sili mpya. Juu, kila slivu inatakiwa ichomoze kidogo kupita uso wa bloku, kwa sehemu za mia za milimita, na zote zilingane, ndipo gasketi ibane sawasawa. Yule mzee alipima kwa rula ya chuma na filaji, vile vijibati vyembamba vya kupimia nafasi, kimya, kwa muda mrefu, akiwa amevua kofia yake na kuiweka kwenye betri.

Njia ya kuepuka haya ni rahisi mno. Hedi ikitoka, chukua vipande vinne vya bomba au washa nene, pachika bolti za hedi zenyewe, ubane slivu zikae chini. Hapo unaweza kuzungusha. Kama ningemwuliza mzee yule kabla, ningeokoa mwezi mzima na oili nyingi. Kwa hiyo tafuta mtu aliyelifanyia kazi gari la aina yako lilipokuwa bado la kawaida barabarani. Wengi wao ni wazee sasa. Waende ukiwa na sukari na muda wa kukaa, wala usiwakatize.

Tangu siku ile nina utaratibu wa makopo. Kila kinachofunguliwa kina kopo lake, juu nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: "water pampu, bolti 6, ndefu ipo juu kushoto." Kabla ya kugusa napiga picha kwa simu, pande tatu. Inachosha, lakini lile beseni bado naliona nikifumba macho.

Sasa kuhusu kubadilisha gari, kwa maana wengi wenu mnaniandikia mkitaka kujua hili kuliko yote. Mimi nabadilisha kile kinacholisaidia gari kusimama, kupoa na kuwaka, na kumlinda aliyemo ndani. Nimeweka mikanda ya viti safu zote. Taa za mbele nimezipitishia rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ili umeme mwingi usipite kwenye swichi ya kale ya usukani na kuiunguza. Pointi za distribyuta, zinazokata na kuunga umeme wa plagi, nimeziondoa nikaweka uwashaji wa elektroniki, na zile pointi nimezihifadhi kwenye droo ya gari, pamoja na bisibisi, kwa siku ile kifaa hicho cha elektroniki kitakapokufa njiani Iganga usiku.

Lakini kwanza fahamu kilichokuwepo kabla hujakitupa. Watu wengi wanatoa feni ya 504 wakisema gari linachemka. Feni ile ina sumaku ya umeme: injini ikipata joto, swichi inapeleka umeme, sumaku inashika na feni inazunguka, ikipoa inaachia. Umeme unafika kwenye sumaku kupitia kipande cha kaboni kidogo kama punje ya haragwe. Kikiisha, feni haishiki tena, na kwenye foleni za Kampala gari litachemka kweli. Langu lilikuwa hivyo. Nilikipata kipande hicho Kampala, soko la vipuri la Kiseka, kwa mchuuzi wa brashi za staata. Tukakipunguza kwa msasa mpaka kikaingia. Mfumo mzuri kama ule, uliobuniwa na watu wenye akili, ungekwenda kwenye vyuma chakavu kwa ajili ya kitu cha thamani ya chapati mbili.

Kuweka injini ya Toyota? Naelewa sababu, na sitamlaumu mwenye gari la kazi. Ila jua kwamba kwenye 504 propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, imefungiwa ndani ya bomba linaloungana na giaboksi kwa mbele na difu kwa nyuma, na bomba hilo ni sehemu ya kinachozuia ekseli isijipinde. Injini ngeni inaleta giaboksi ngeni, na bomba linakatwa. Kutoka hapo unatengeneza gari jipya, na wanaofanya kazi hiyo vizuri ni wachache.

Kutu niliimaliza kwa kukata mpaka kwenye bati zima. Ukichomelea juu ya kutu, itarudi mwaka unaofuata ikiwa imeongezeka. Bati la bodi ni jembamba, kwa hiyo unachomelea nukta moja hapa, nyingine mbali, unasubiri lipoe, la sivyo linajikunja. Chini ya kingo za milango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yangu yote yalikuwa yamezibwa na udongo mwekundu wa marramu uliogeuka kama matofali. Hicho ndicho kilichokuwa kikiozesha gari miaka yote. Yazibue kwa waya kila baada ya msimu wa mvua. Gari likae chini ya mabati yaliyo wazi pembeni, wala si chini ya turubai. Turubai likigusana na bodi linatoa jasho usiku kucha.

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi. Jeki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake. Weka stendi za chuma, na matofali usiyaamini hata kwa dakika moja. Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani, hata kama limekauka tangu mwaka jana, maana mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Kuhusu pesa, mpaka sasa nimetumia mara mbili ya bei niliyonunulia gari, kwa miaka minne, kidogo kidogo. Mama watoto anajua kila shilingi, na ndiye aliyeshona viti vya safu ya kati. Jumapili iliyopita tulikuwa saba ndani, tukavuka daraja jipya la Nile, watoto nyuma kabisa magoti yakigusa videvu.

Bado halina rangi. Madigadi moja ni ya kijani, boneti ni nyeupe, kwingine kote ni kijivu cha praima. Rangi ya kisasa ya kuchanganya na hadena ina sumu ya mapafu ambayo barakoa ya kitambaa haiizuii, kwa hiyo sitaipulizia uani penye watoto. Nitampelekea mwenye chumba cha kupulizia na barakoa ya hewa. Na nitampelekea Januari, hewa ikiwa imekauka vizuri, kwa sababu rangi inayopulizwa hewa ikiwa na unyevu huweza kubaki na ukungu mweupe. Mpaka hapo kazi yangu ni raba ya kioo cha mbele. Mvua ya juzi ilipita kwenye kona ya kulia ikafika kwenye fyuzi.